Tableti Ishirini za Kabazi

Tableti zilifika shuleni kwetu Kabazi ndani ya sanduku la bati lililoandikwa VITABU VYA DINI, na kwa kuwa mwalimu wa dini alikuwa kwenye likizo ya uzazi, sanduku lilikaa chini ya meza yake wiki mbili bila mtu kulijali. Mimi nililifungua kwa sababu nilikuwa natafuta chaki. Chaki sikupata. Nilipata tableti ishirini zimepangwa kati ya vipande vya sponji, nyaya za kuchajia zimefungwa kwa mipira, na barua fupi ya mfadhili iliyosema kwamba zimejazwa michezo ya kufundishia hisabati na fizikia, na kwamba hazihitaji intaneti. Hilo la mwisho ndilo lililonifurahisha zaidi. Kabazi ya wakati ule, ukitaka mtandao ulitoka darasani, ukazunguka nyuma ya jikoni, ukasimama kando ya tangi la maji na kuinua simu juu.

Wataalamu wa lugha wanaziita vishikwambi. Ni jina zuri, ila sijawahi kumsikia mtu yeyote kati ya Nakuru na Subukia akilitumia.

Nikisema michezo, najua mzazi anamwona mtoto anayefyatua risasi kwenye simu ya babake. Haikuwa hivyo. Yalikuwa majaribio ya maabara yaliyotengenezewa kioo. Kulikuwa na mpira unaopigwa juu ya ukuta: unachagua pembe, unachagua nguvu, unaachilia, unaona utatua wapi. Kulikuwa na bomba la kutoa maji chemchemini hadi kwenye tangi, na ulitakiwa kuandika namba ya mteremko. Ukikosea, maji yanamwagikia shamba la jirani naye anatoka nje na jembe. Watoto waliokuwa wakiogopa somo la mteremko tangu kidato cha kwanza walilijua lote kwa alasiri moja, kwa sababu ya huyo jirani.

Na kulikuwa na pendulamu, yaani jiwe linaloning'inia kwa uzi na kubembea. Ulichagua urefu wa uzi, kisha ukachagua uko wapi. Duniani jiwe lilibembea kwa mwendo tuliouzoea. Mwezini lilikwenda kivivu hadi ukatamani kulisukuma. Kwenye sayari kubwa kubwa lilikimbia kwa wasiwasi. Saa ilijihesabia yenyewe, nukta zikajipanga kwenye grafu, mstari ukapita katikati yake bila kuacha hata moja nje. Chini ya kioo kulikuwa na kitufe cha kuanza upya, na kwa sababu ya kitufe hicho nimekosa usingizi siku nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Siku hizi nafundisha mjini Nakuru. Ukutani mwa darasa langu kuna skrini kubwa, na wanafunzi wangu wa sasa wanajua kuitumia kuliko mimi. Sina malalamiko. Lakini nikiwaona wanavyoigusa bila hata kushangaa, roho yangu hurudi kule Kabazi, kwenye chumba kimoja kilichokuwa maabara ya fizikia, ya kemia na ya biolojia kwa pamoja, kinachonuka gesi na figo za mbuzi, chenye stendi sita za chuma ambazo mbili tu ndizo zilizoshika kitu kikashikika. Nakumbuka saa nane mchana, baada ya githeri ya mahindi na maharagwe, wakati ambapo hapo awali nusu ya darasa ilikuwa ikisinzia. Tulipopata tableti, saa nane hiyo hiyo walikuwa wakinisubiri mlangoni, wawili wawili, kila jozi imeshaamua itakwenda mwezini au itabaki duniani. Nimekumiss kule, kama wanavyosema vijana, na sioni aibu kulisema.

Lazima niseme kitu kuhusu sauti yangu. Mimi ni mtoto wa mtaa wa Rhonda, Nakuru. Babu yangu alitoka magharibi mwa Kenya kuja kufanya kazi ya reli, baba akaingia kiwandani, na sisi tukazaliwa katika ploti ya vyumba vya kupanga, yenye mashine ya posho upande huu na fundi wa kuchomelea vyuma upande ule. Ukitaka chumvi kwa jirani ulipaaza sauti. Ukiongea kwa sauti ya chini ulikula mboga bila chumvi. Nilikwenda chuoni na sauti hiyo, nikaingia nayo darasani, na sikuona sababu ya kuipunguza. Wanafunzi walinipa jina la utani walilodhani silijui. Lilihusu king'ora cha kiwandani.

Na nilikuwa na desturi. Kila niliporudisha karatasi za mtihani, nilichagua majibu matatu au manne yaliyokosewa vibaya zaidi nikayasoma mbele ya darasa, kwa sauti hiyo hiyo na kwa madoido. Aliyeandika kwamba ng'ombe mmoja ana uzito wa gramu mbili, nilimuuliza anakamua kwa kijiko au kwa sindano. Darasa lilivunjika mbavu. Hata mwenye karatasi alicheka, au nilidhani anacheka. Niliamini kwamba kosa lililochekwa halirudiwi, na niliwafundisha hivyo walimu waliokuja kwa mazoezi.

Sasa, mwishoni mwa kidato cha pili wanafunzi huchagua masomo ya kuendelea nayo, na fizikia hukimbiwa. Mwaka huo mkuu wa shule, mtu mpole anayependa mambo yake yawe kwenye karatasi, aliniita ofisini akaniambia kwamba darasa la fizikia la kidato cha tatu halitakuwepo kama litapata wanafunzi chini ya kumi. Nikiwa na tisa, somo lingekufa na mimi ningefundisha hisabati peke yake. Nilimwambia atapata kumi na watano. Nilikuwa nazitegemea zile tableti, na kwa kweli zilinifanyia kazi: watoto ambao mwaka uliotangulia hawangeisogelea fizikia hata kwa fimbo walijaza fomu. Lakini fomu zilipokusanywa, zilikuwa tisa.

Wa kumi alikuwa msichana mmoja mwembamba aliyekaa kando ya dirisha, mpole kupita kiasi, ambaye hakuwahi kuinua mkono darasani hata siku moja. Kwenye tableti alikuwa mtu mwingine. Yeye ndiye aliyegundua, kabla sijafundisha, kwamba ukiongeza uzito wa jiwe la pendulamu hakuna kinachobadilika, na ukiongeza uzi ndipo mwendo unabadilika. Alimnong'onezea mwenzake, mwenzake akaniambia. Alitaka fizikia. Mamake alikuwa amemwandikia kilimo.

Jumamosi hiyo nilipanda kwao. Nyumba ilikuwa juu ya barabara, mwendo wa karibu saa nzima kwa mguu, kwenye mteremko wa mahindi na miti michache ya kahawa, na mimi nilikuwa nimevaa viatu vya kisigino kwa sababu ya heshima. Nilifika nikiwa navibeba mkononi. Mamake alikuwa mjane aliyewalea watoto wanne kwa maziwa ya ng'ombe wawili, na alinipokea vizuri, akanipa maji ya kunawa miguu kwanza, halafu chai. Kisha aliniambia jambo lake wazi.

"Mwalimu, agriculture anaijua tangu akiwa mgongoni. Hiyo atapita. Hii physics yako ikimshinda, nani atamsaidia?"

Nilimwambia mambo mengi kuhusu kazi za uhandisi na wasichana. Yote yalikuwa kweli. Nilimwambia pia kwamba binti yake ana kipaji, na hilo nalo lilikuwa kweli. Kile ambacho sikumwambia ni kwamba nina tisa na nahitaji kumi.

"Niachie huyu, mama," nilisema. "Nitamshika mkono mpaka karatasi ya mwisho."

Akauliza kama nataka chai zaidi, na Jumatatu msichana akaja na fomu iliyokatwa neno kilimo na kuandikwa fizikia juu yake. Ninaikumbuka hiyo fomu vizuri. Mkuu wa shule aliihesabu mara mbili.

Mwaka wa kidato cha tatu ulikuwa mtamu, sijui nitumie neno gani lingine. Wanafunzi kumi, tableti ishirini. Kila mtu na yake, na nyingine akiba. Tulikwenda sayari zote. Walishindana kupiga mpira juu ya ukuta na kuutua ndani ya debe, na wakaanza kukokotoa pembe kwenye karatasi kabla ya kugusa kioo, bila mimi kuwaambia, ili washinde. Alhamisi moja mvua ilinyesha kwenye bati hadi sikusikika hata mimi, jambo ambalo si rahisi, nao wakaendelea saa mbili nzima bila mwalimu, wakionyeshana kwa vidole. Nilisimama nyuma nikawaangalia. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena kazini, ingawa nimepandishwa cheo mara mbili.

Vifaa vya kweli tulivigusa mara chache. Stendi zilikuwa mbovu, saa za kupimia zilikuwa tatu na mojawapo ilisimama ilipotaka, na kila mara kemia walikuwa wanahitaji chumba. Nilijiambia kwamba anayejua jambo kwenye kioo analijua pia mezani. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na ndilo pekee nililoliona kwa muda mrefu.

Mock ya kidato cha nne, ule mtihani wa majaribio, ilikuja mwezi wa saba. Karatasi ya vitendo ilikuwa na pendulamu, na niliposoma swali nilicheka peke yangu ofisini, kwa sababu wanangu walikuwa wamefanya pendulamu hadi kwenye mwezi. Urefu sita wa uzi, mibembeo ishirini kwa kila urefu, jedwali, grafu. Nilisimamia mwenyewe. Nilipita kati ya meza nikiwaona wanafunga nyuzi, wanahesabu kwa midomo. Msichana wa dirishani alianza kabla ya wote. Nilipopita mara ya pili alikuwa anafuta. Nilipopita mara ya tatu alikuwa amefungua uzi na kuufunga upya. Nikamwambia afanye haraka, kwa sauti yangu ya kawaida, na chumba kizima kikageuka kumtazama.

Muda ulipokwisha nilikusanya karatasi. Yake ilikuwa na jedwali lililopigwa mistari kwa rula, safi, vichwa vyote vimeandikwa, na ndani ya jedwali hamkuwa na namba hata moja. Zilikuwa alama za ufutio tu, karatasi imechakaa hadi unaona meza.

Nilimuuliza pale pale. Alisema jiwe halikubembea sawasawa, mara ya kwanza alipata sekunde ishirini na nane na nukta moja, mara ya pili ishirini na nane na nukta tisa, kwa hiyo alianza upya. Halafu akaanza upya tena. Wale tisa walikuwa wangali chumbani. Mimi nilikuwa nimechoka na nimeona aibu, maana mtu aliyeahidi mbele ya chai ni mimi. Nilipiga kelele. Nilimwambia duniani hakuna kitufe cha kuanza upya. Nilimuuliza anangojea jiwe limwombe msamaha. Wachache walicheka, kama kawaida. Yeye alisimama ameinamisha kichwa, akikunja ncha ya sweta.

Hapo ndipo nilipozilaumu tableti. Nilizifungia kabatini Ijumaa hiyo, nikaona nimepata jibu: vile vioo vilikuwa vimewazoesha watoto namba safi, nukta zinazotii mstari, dunia isiyo na upepo wala uzi unaovutika, na nimewaharibu mimi mwenyewe kwa mikono yangu. Karatasi ya vitendo ndiyo inayobeba fizikia. Mtoto akiikosa hiyo, alama yake inaanguka, na ikianguka fizikia inamvuta na mengine yote. Kwa kilimo angepita kwa miguu miwili. Hili lilinikaa kifuani mwezi mzima.

Likizo ya Agosti nilipanda tena kwao, safari hii kwa raba. Nilikusudia kumwambia mamake ukweli wote, ule wa tisa na kumi, na kuomba radhi. Niliwakuta shambani, mama na binti, wanapanda viazi. Walikuwa wamevuta uzi wa katani kutoka kigingi hadi kigingi, na wanachimba mashimo kwa kuufuata. Nikaacha mkoba, nikashika ndoo ya mbegu, kwa sababu huwezi kumsimamia mtu anayelima ukimpigia hadithi. Katikati ya shamba uzi ulikutana na jiwe kubwa lililozama ardhini. Msichana hakusita. Aliusogeza uzi kando kwa mguu, akazunguka jiwe, akachimba shimo lake pembeni, akarudi kwenye mstari upande wa pili na kuendelea. Mstari ulikuwa na nundu. Hakuna aliyeujali.

Nilisimama pale na ndoo yangu nikamwangalia. Huyu ndiye aliyefuta karatasi hadi ikatoboka.

Mamake alinikaribisha chakula, akaniuliza kama binti yake ataweza. Nikasema ataweza. Ule ukweli mwingine ulinishinda kutoa, nikarudi nao nyumbani Nakuru.

Muhula wa tatu ulipoanza nilikuwa na mpango. Tableti zingebaki kabatini. Tungetoka nje, kwenye kibanda cha kuegeshea baiskeli, tungefunga nyuzi za katani kwenye mbao za paa, tungening'iniza mawe ya kweli ya barabarani, na kila mtu angeandika kwa kalamu ya wino, bila ufutio, namba ya kwanza anayoiona. Kama ile nundu ya shamba la viazi, namba isiyotii ingebaki ilipo na kazi ingeendelea. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani ya kuwaeleza hayo.

Sikuitoa. Wiki ya kwanza koo liliniuma kidogo. Ya pili sauti ilikatika kabisa. Daktari alitazama ndani na taa yake, akasema nyuzi za sauti zimevimba kwa miaka ya kupiga kelele, na kwamba nisipokaa kimya wiki tatu, hata kunong'ona nisinong'one, huenda isirudi kama ilivyokuwa. Niliogopa. Nilitii. Nilifundisha kwa ubao mdogo niliouning'iniza shingoni, nikiandika maneno mawili matatu: FUNGA UZI. HESABU. ANDIKA ULICHOONA. Anayekosea nilimgusa bega nikamwonyesha kwa kidole. Karatasi nilizirudisha bila kusoma chochote, maana ningesomaje.

Kazi ilikwenda vizuri ajabu. Pale kibandani walihesabu kwa sauti, upepo wa Subukia ukisukuma mawe, nao wakibishana kama upepo uandikwe au usiandikwe. Msichana wangu alijaza jedwali lake siku ya tatu. Namba zilikuwa chafu, moja juu moja chini, na grafu yake ilikuwa na nukta tano zinazokaribiana na mstari na moja iliyokwenda zake. Alinionyesha huku akitazama uso wangu. Nikaandika ubaoni: SAWA. Akatabasamu, na nilihisi kama nimeshinda bahati nasibu. Nikajiambia jiwe na uzi vimemponya.

Siku ya mtihani wenyewe, mwalimu wa somo hukaa mbali na chumba. Nilikuwa nimepanga vifaa asubuhi, nikapima kila stendi mara tatu, kisha nikakaa chumba cha walimu nikijifanya nasahihisha. Wa kwanza kutoka hakuwa yeye, wala wa pili. Alitoka mwisho, akaja hadi mlangoni. Sauti yangu ilikuwa imesharudi wakati huo, lakini nyembamba, na nilimuuliza imekuwaje.

"Kuna point moja imekataa kukaa kwa line, Madam," alisema. "Nimeiacha hapo."

Nilimwambia aende akale. Halafu niliingia stoo ya vitabu, nikafunga mlango, nikalia kidogo.

Matokeo yalipotoka alikuwa na B ya fizikia, na hiyo B ilimtosha kupata nafasi ya kusomea mambo ya umeme chuoni. Nilipanda mlima mara ya tatu, na mara hii niliapa nitasema. Mama alikuwa kwenye mlango wa jikoni akimenya viazi, binti amekaa kando ya jiko akipuliza moto. Nilisema kabla ya chai, nisije nikabadili nia.

"Mama, ile siku ya kwanza sikuja kwa sababu ya huyu. Nilikuwa na wanafunzi tisa, nilihitaji wa kumi ndio darasa langu lisifungwe."

Aliendelea kumenya. "Nilijua, mwalimu. Hiyo maneno ya kumi principal alisema kwa mkutano ya wazazi." Kisha akasema kwamba mtu hapandi kule kwa viatu vile bila kuwa na shida yake mwenyewe, lakini hata hivyo nilipanda, na hakuna mwalimu mwingine aliyewahi kupanda. Akaniuliza kama nitakula.

Basi nilijisikia mwepesi, na wepesi huo ukanifanya niseme zaidi. Nilimgeukia binti nikamwomba radhi pia yeye. Nilimwambia nilimharibu na zile tableti, nikamzoesha vitu vinavyoanza upya, na karibu nimponze kwenye mock.

Aliacha kupuliza. Moshi ulimpita usoni akafunga macho.

"Si tableti, Madam," alisema. "Tableti ndio ilifanya nichague physics. Nilikuwa nakosea, inaniacha tu nijaribu tena. Haikuwa inapigia mtu kelele."

Mamake alikuwa ameacha kisu.

"Kwa mock nilikuwa naandika number," aliendelea, polepole, bila hasira yoyote, "naskia vile utaisoma mbele ya class. Nafuta. Naandika ingine, naskia tena. Nafuta."

Nikamuuliza vipi basi muhula wa mwisho, ilikuwaje akaweza. Nilitaka aseme ni yale mawe. Nilikuwa nimeshawasimulia walimu wenzangu habari za mawe na uzi wa katani, na wengine walikuwa wameanza kuiga.

"Si ulikuwa umepoteza sauti, Madam."

Alilisema kwa heshima, jinsi mwanafunzi mwema anavyompa mwalimu jibu ambalo mwalimu alipaswa kulijua. Kisha akainama kuupuliza moto. Mamake alinitazama, akasubiri. Nilikuwa na la kumjibu msichana, nilitaka sana kumjibu, lakini sikujua niliseme kwa sauti ya kiasi gani.